Fulana za Kilio

Jina lake sitaliandika. Binti yangu aliniomba hivyo, na hajawahi kuniomba mambo mengi. Nitasema tu mume wangu, au baba Inès. Sikuwa na mwingine, kwa hiyo hakuna atakayepotea.

Nilimkuta mwaka 1999 kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, hapa Brussels. Nilikuwa na miezi saba tu tangu nitoke Lubumbashi, nikikaa kwa kaka yangu Constant kule Evere, na visu vyote vya nyumba yake vilikuwa butu. Karibu na daraja la reli palikuwa na mwanamume mwenye jiwe la kunolea analolizungusha kwa mguu. Nywele zake zilikuwa nyeusi sana, na ngozi yake rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo mno. Nilidhani ni Mmoroko, nikamsalimu kwa salamu ya Kiislamu ili anipunguzie bei. Alicheka mpaka jiwe likasimama.

"Wewe ni wa kumi leo," aliniambia kwa Kifaransa. "Wa tisa alikuwa polisi."

Alikuwa Manouche, yaani mmoja wa wale Waroma walioishi Ubelgiji na Ufaransa tangu zamani sana, watu wa karavani, nyumba za magurudumu. Wabelgiji huwaita gitans, na wakilitamka neno hilo hushika mifuko yao. Nilipompeleka Evere, Constant alimzunguka kwa macho kama mtu anayetaka kununua gari.

"Lucienne," aliniambia kwa Kiswahili chetu, "batu banatafuta muzungu, banapata muzungu. Weye unatafuta muzungu, unatuletea ule mweusi, tena hana nyumba?"

"Iko na nyumba."

"Nyumba ya magurudumu! Siku moja utaamuka, utakuta nyumba imeenda na bwana ndani."

Nilimtafsiria mume wangu. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Tulipata chumba na jiko Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, na Inès akazaliwa mwaka 2001. Mume wangu alilala karibu na dirisha, na dirisha lilikuwa wazi hata Januari. Siku mbili tatu za juma alikuwa kwa ndugu zake, kwenye uwanja wa karavani ng'ambo ya Evere, pembeni ya reli. Baba yake alikuwa amekufa zamani, na jina lake sikulijua kamwe. Nikimwuliza alisema "yule mzee," kisha akatafuta kitu cha kushika mikononi. Niliamini waligombana. Kwetu mtu asiyetaja jina la baba yake ana neno naye. Miaka kumi na saba niliishi na imani hiyo, na sikuwahi kumwuliza sawasawa.

Inès alitoka na rangi ambayo kila mtu aliiona alivyotaka. Kwenye basi wazee wa Kimoroko walimwongelesha Kiarabu. Kanisani kwetu watoto walimwita mundele, mzungu. Shuleni wazungu walimwita noire, mweusi. Alipokuwa na miaka kumi aliweka mkono wake juu ya meza ya jikoni, katikati ya mkono wangu na wa baba yake, kama fundi anayelinganisha vitambaa.

"Papa iko mweusi kupita bazungu," alisema. "Miye niko mweupe kupita maman. Alors, niko nini?"

Baba yake Kiswahili hakukijua sana, lakini hilo alilielewa. "Wewe ni wa kwangu," alimjibu.

"Hilo si jibu, papa."

"Ni jibu. Ni fupi tu."

Mwaka 2013 tulikuwa kwenye sherehe ya ubatizo, ukumbini Evere, na simu ya maman Kabamba ikapotea. Maman Kabamba alikuwa mkubwa wa kamati ya kina mama. Bila yeye hakukuwa na ndoa wala msiba kwetu. Watu waliinua mito, wakaangalia chini ya viti.

"Muulize kwanza ule mutoto ya gitan," maman Kabamba alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeuliza chumvi iko wapi.

Inès alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakungoja aulizwe. Alichukua mkoba wake akaumimina juu ya meza, katikati ya sahani za sombe, mboga ya majani ya muhogo: kitana, kadi ya basi, nusu ya biskuti. Simu ilionekana baadaye ndani ya kikapu cha thermos, mahali maman Kabamba mwenyewe alipoiweka. Watu wakacheka.

"Ilikuwa mchezo tu, chérie. Usikasirike."

Hakuna aliyeomba msamaha, na mimi sikudai. Nilisema merci kwa chakula. Kwenye basi Inès aliegemeza kichwa kwenye kioo. "Kwa bandugu ya papa hawawezi kuniuliza vile," alisema. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: watu wa baba yake wamhesabu kuwa wao.

Haikuwa rahisi. Alipokuwa na miaka sita nilikwenda naye kule mara moja. Dada mkubwa wa mume wangu, Berthe, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alitupokea vizuri, akatupa kahawa na keki. Tulipoondoka niligeuka nyuma. Vikombe vya wengine vilikuwa vimerudi kabatini. Changu na cha Inès vilikuwa vimefudikizwa kwenye majani, chini ya ngazi ya karavani. Ndani ya gari mume wangu alinieleza kwamba hivyo ni vikombe vya gadjé, watu wasio Manouche.

"Na Inès pia?"

Aliendesha mpaka tukafika kwenye mfereji. "Berthe anahitaji muda," alisema.

Muda huo ulikuwa miaka tisa. Mwaka 2016 mapafu ya mume wangu yalianza kukataa, naye akataka kukaa uwanjani, kwenye hewa. Kila Jumamosi Inès alikwenda peke yake kwa basi. Alimpikia baba yake, akajifunza maneno ya lugha yao, akajifunza wapi panaoshwa vyombo na wapi panaoshwa nguo, maana kwao mabeseni hayachanganywi. Oktoba nilikwenda naye. Tulipomaliza kahawa, Berthe alikusanya vikombe. Changu alikiweka chini ya ngazi. Cha Inès alikiosha, akakikausha, akakitundika kabatini kwenye mstari pamoja na vingine vyenye ukingo wa dhahabu. Inès aliniona ninavyotazama. Tukielekea kituo cha basi alitembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Siku hiyo Berthe aliniambia pia, sigara mdomoni: "Vijana wengine hapa walisema msichana ni mweusi mno. Niliwaambia, mama yetu polisi walimwita négresse maisha yake yote, na alizaliwa Namur."

Januari mume wangu alilazwa hospitali. Asubuhi moja alinishika kifundo cha mkono, si kiganja. "Lucienne, nikishaenda, mniache niende. Msiniite-ite."

Nilimwambia atapona. Nilifikiri anatuomba tusilie sana, kama wagonjwa wanavyowahurumia wanaobaki.

Alikufa Jumanne ya Februari 2017. Ndugu zake walimchukua. Jumatano Berthe alinipigia simu.

"Ijumaa saa nne, makaburini. Inès atatembea na sisi, nyuma tu ya jeneza, pamoja na wasichana wa nyumbani. Na wewe uje."

Hakusema zaidi. Nilipomweleza Inès alikaa chini kwenye sakafu ya bafu, akalia mpaka akakohoa. Kisha akainua uso.

"Alisema nyuma tu ya jeneza? Alisema vile?"

"Alisema vile."

Sasa nieleze mambo yetu. Mtu wetu akifa hapa Brussels, tukishapiga simu Lubumbashi, jambo linalofuata ni picha. Unatafuta picha nzuri, unaipeleka kwa mchapaji, inapigwa kwenye fulana nyeupe pamoja na jina lote la marehemu na tarehe zake mbili. Ukumbini watu wote wanaivaa. Mjane aliyelia bila uso wa mumewe kifuani, watu wangeuliza kama kweli alikuwa mumewe. Na mimi walikuwa wameniuliza hivyo miaka yote, maana tulikuwa hatujaandikisha ndoa kwenye commune, ofisi ya mji.

Niliagiza fulana arobaini. Picha ilikuwa aliyopigwa kwenye ile sherehe ya ubatizo, anacheka, ana glasi ya Fanta. Jina lake niliandika lote, na la ubatizo, kwa herufi kubwa. Constant alisaidia kuzibeba kutoka kwa mchapaji.

"Ata kama alikuwa gitan," aliniambia kwenye ngazi, akihema, "tutamulilia kama muntu."

Alisema kwa upendo. Ndivyo anavyopenda.

Ijumaa asubuhi Inès alitoka chumbani amevaa sweta nyeusi.

"Vaa polo," nilimwambia. Ndivyo tunavyoita fulana.

"Maman, écoute. Kwa batu ya papa..."

"Nini? Tante Berthe njo atakuonyesha namna ya kulilia baba yako? Unataka kwenda kule kama mugeni? Bakuone, bajue uko mutoto yake."

"Maman, acha nikuambie..."

"Ni baba yako, Inès. Ao una haya naye?"

Aliniangalia muda, na mimi nilikuwa sijalala siku tatu, mikono ilikuwa inatetemeka juu ya pasi. Akaichukua fulana, akaivaa, akavaa koti juu yake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Makaburini palikuwa na watu kama sitini. Hapakuwa na picha mahali popote. Maua hayakuwa na utepe wenye jina, na jeneza halikuwa na kibao. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: maskini, hawakupata muda wa kuchapisha.

Wasichana watano walisimama mstari mmoja nyuma ya jeneza. Katikati yao walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja. Berthe alimnyoshea Inès mkono.

"Ngoja," nilisema. Na mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, nilimfungua koti, kifungo kwa kifungo, kutoka juu hadi chini, ili wote wamwone. Inès alinishika mikono. Nilidhani ni baridi.

Arnaud, mtoto wa kwanza wa Berthe, alivua kofia akaishika mbele ya uso wake, kati yake na ile picha. Wazee wawili waligeuka wakatupa mgongo. Msichana mmoja alianza kulia kama aliyepigwa. Berthe aliitazama fulana mara moja tu, kisha akamtazama Inès machoni.

"Nani alikupa hii?"

Inès hakugeuka upande wangu. "Nilitengeneza mwenyewe."

"Sisi tunamficha ili apumzike. Hatumwiti, hatumtazami. Wewe umemleta amesimama kifuani kwako, jina limeandikwa, anacheka. Mbele ya dada zake. Kwetu mtoto wa miaka minne anajua."

"Sikujua, tante."

"Ndiyo," Berthe alisema, sauti yake imeshuka kabisa. "Hukujua. Wangu angejua. Watu watakuambia ni rangi yako, lakini rangi yako niliitetea mimi. Nenda na mama yako."

Inès alianza kufunga koti. Vifungo havikulingana na matundu yake. "Nimefunga, tante. Tazama, nimefunga."

Wale wasichana watano walikuwa wamesogeleana. Nafasi haikuwepo tena.

Tulisimama barabarani, nje ya uzio, jeneza likapita upande wa pili. Nilisikia baadaye kwamba walichoma karavani yake na kila kitu kilichokuwa ndani. Inès alikuwa ameacha kule madaftari yake na kanga niliyompa. Kikombe chake sijui.

Kesho yake tulifanya kilio ukumbini Evere. Watu arobaini, nyuso arobaini zinacheka na glasi ya Fanta. Walitaka kujua kwa nini hatukukaa na watu wa marehemu kaburini. Nilikuwa nimefungua mdomo, Inès akanitangulia.

"Walinikatala," alisema. "Juu ya rangi."

Maman Kabamba alimvuta kifuani, uso wa mume wangu ukagandamizwa juu ya uso wa mume wangu. "Ba racistes! Bakufukuze weye, mutoto muzuri hivi? Bo benyewe beko banani? Beko bezi, banaiba tu!"

"Njo vile beko," wengine walijibu. "Gitan ni gitan."

Inès alisimama pale akikumbatiwa, akisikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kupendwa na ukumbi mzima. Mimi nilifunga mdomo. Habari ile iliwafaa wote. Constant aliisimulia Lubumbashi kwa simu, na kila alipoisimulia wale watu waliongezeka ubaya. Nami niliiacha itembee, kwa sababu ndani yake hapakuwa na mkono wangu unaofungua koti. Aliyeisikia aliiamini mara moja, maana kila mmoja wetu alikuwa amewahi kukataliwa kweli kwa ajili ya rangi katika mji huu, nyumba ya kupanga, kazi, hata kiti kwenye tramu.

Miaka miwili ikapita. Inès alimaliza shule akaanza masomo ya uuguzi. Neno Manouche halikutoka tena mdomoni mwake. Kwenye mkutano mmoja wa vijana Saint-Gilles alialikwa aseme juu ya ubaguzi, naye akasimulia jinsi familia ya baba yake ilivyomfukuza kaburini kwa sababu ni mweusi. Alisimulia vizuri, bila kulia. Watu walipiga makofi wamesimama. Nilikuwa kiti cha nyuma. Nilipiga makofi pia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda soko la Midi. Maman Kabamba alikuwa na meza yake ya kukaanga mikate, na chini ya aproni alikuwa amevaa fulana ile. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye shavu la mume wangu, na jicho moja lilikuwa limetoka kwa kufuliwa. Jina lilikuwa bado linasomeka vizuri. Watu walinunua mikate mbele yake, hatua mia mbili kutoka pale alipokuwa ananoa visu.

"Maman Kabamba, nipatie hiyo."

"Hii? Ah, maman Inès, hii ni polo ya kazi tu. Imechafuka."

"Nipatie tu."

Alinielewa vibaya, macho yakamlegea. Aliingia nyuma ya gari akabadilisha, akaniletea imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na mikate sita ya bure.

Nyumbani Inès alikuwa anasoma mezani. Niliweka mfuko mbele yake. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema.

"Baba yako aliniambia. Hospitali. Alisema tusimuite. Miye sikusikia. Hawakukukatala juu ya rangi, Inès. Ni miye, njo miye."

"Najua, maman."

"Unajua nini?"

Alifunga daftari. "Papa aliniambia yote, octobre ile. Jina, photo, vitu kuchomwa. Alisema weye atakuambia yeye mwenyewe."

Nilishika kiti. "Donc asubuhi ile ulikuwa unajua?"

"Nilianza kukuambia, mara mbili. Uliniuliza kama niko na haya naye. Ulikuwa unatetemeka, maman. Nilisema, bon, nitavaa, manteau itabaki imefungwa, nitatembea na bo, hakuna atakayeona. Nilifunga vifungo vyote." Aliuvuta mfuko karibu. "Tante Berthe alisema wake angejua. Nilikuwa najua."

"Juu ya nini hukumwambia? Ungesema tu kwamba ni miye!"

"Mbele ya batu sitini? Kwamba mama yangu njo alinivalisha? Na ukumbini, mbele ya maman Kabamba, ulitaka niseme nini?"

Nilikaa kwenye kile kiti.

Aliinuka akatoa fulana kwenye mfuko. Hakuitazama. Aliigeuza ndani nje kwa mkono uliozoea, uso ukaingia ndani, akaikunja. Kisha akafungua droo ya chini ya kabati lake. Kulikuwa na nyingine kumi na moja, zote zimegeuzwa, zimepangwa. Miaka miwili alikuwa akiziomba moja moja, kwa binamu zake, kwa majirani, kanisani, akisema anataka ukumbusho.

"Ya kumi na mbili," alisema. "Na usimutaje tena, maman. Ata kwa kuandika. Tafadhali."

Siku hizi tunazitafuta wawili. Mjane anayeomba fulana za mumewe huwagusa watu. Wengine huniletea mpaka mlangoni na kunishika bega, na huniuliza kama wale gitans walishatuomba msamaha. Tumefika thelathini na moja. Hatujajua tutazichomea wapi, maana hapa Saint-Gilles huwezi kuwasha moto uani. Constant anazo mbili na amekataa kuzitoa. Moja huoshea gari. Ya pili, anasema, ameiweka ukutani sebuleni kwa heshima, na kila mgeni akiingia humwonyesha na kumsomea jina.